Likue, Libaki na Macho: Mambo Kumi kwa Maadmini wa Makundi ya Watazama Ndege

Kikomo cha kundi la WhatsApp kilikuwa watu 100. Mwaka 2016 kikapandishwa hadi 256, na mwaka 2022 kikapanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja: kwanza 512, kisha 1,024. Kila kilipopanda, kuna admini mahali fulani aliyeona nafasi tupu zikimkodolea macho, akaanza kuzijaza. Miezi michache baadaye, kundi lililokuwa likibishana kwa raha kuhusu rangi ya jicho la kwera linaamshwa na picha ya waridi yenye maandishi ya "Asubuhi njema", tangazo la kiwanja Kibaha, na ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka kwa mtu ambaye hakujitambulisha. Wale watatu waliomjua kwera wamelefti usiku, bila kwaheri.

Nawatetea hao watatu, na namtetea pia mwenye waridi. Makundi ya watazama ndege nayapenda bila kificho. Vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki ni ghali, na vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Kundi zuri humwezesha mtu wa Singida kutuma picha saa moja asubuhi, na kabla chai haijapoa akajua aliyemwona ni nani. Kundi kama hilo likifa, hakuna duka la kununua lingine.

Wala shida si wingi. Kundi huharibika pale wageni wanapoingia haraka kuliko wenyeji wanavyoweza kuwapokea. Mwanachama mzuri hachujwi mlangoni akaingia amekamilika. Analelewa humo ndani, na malezi yanataka watu na yanataka muda. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, Tanzania vilevile, kwa hiyo kazi ipo ya kumtosha kila atakayekuja. Basi tuhesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, ila asije akaniuliza jambo nililolijibu namba nne.

10. Linki haimjui anayeibofya

Linki ya mwaliko ikibandikwa hadharani inamwingiza yeyote mwenye bando. Iweke kwenye kundi la harusi ya binamu yako, na kesho utapata kamati nzima ya harusi; mweka hazina ataanza kwa kuuliza mchango wa ndege ni shilingi ngapi.

Mtu aletwe na mtu. Anayemleta amtambulishe: huyu ni jirani yangu wa Tanga, uani kwake kuna mkomamanga unaojaa chozi kila asubuhi. Kwa sentensi hiyo mgeni anaingia akiwa na sifa, na mwalikaji ameweka jina lake rehani. Lobsters, tovuti ya watengeneza programu iliyoanza mwaka 2012, imelifanya jambo hili kuwa sheria: haingii mtu bila mwaliko, na yeyote anaweza kuona nani alimwalika nani. Ukijua jina lako litasomwa juu ya la mgeni wako, humleti mjomba anayeuza dawa za nguvu. Mjomba mpende, mtembelee Idi, lakini humu usimwingize.

9. Swali moja tu mlangoni

Tangu 2023 WhatsApp inamruhusu admini kuidhinisha maombi ya kujiunga, mtu mmoja mmoja. Itumie nafasi hiyo kuuliza: wiki hii umeona ndege gani, na wapi?

"Kunguru, juu ya paa la jirani" ni jibu safi. Apite, tena apigiwe makofi. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, leo amejaa Dar es Salaam na Mombasa, anavamia viota vya ndege wengine, na mtu anayemtazama kila siku ana mengi ya kutuambia. Anayejibu "Naomba kuungwa" aulizwe tena kwa upole. Huenda alikuwa amesimama kwenye daladala, mkono mmoja juu. Akirudia maneno yale yale, huyo anatafuta kundi lolote, na makundi ya namna hiyo hayajawahi kuadimika.

MetaFilter, jumuiya ya Marekani iliyoanza 1999, ilianza mwaka 2004 kumtoza mwanachama mpya dola 5, mara moja tu. Dola tano hazimtajirishi mtu. Zinamfanya anayeingia asimame kidogo auulize moyo wake kama kweli anataka. Sisi hatuhitaji dola za mtu: sentensi moja kuhusu ndege inamsimamisha vilevile, na haimfungii nje asiye na hela.

Jina la kisayansi usimuulize. Hapo mlangoni tunatafuta hamu, elimu ataikuta ndani.

8. Jina liwe finyu, sheria ziwe tatu

Ukiliita kundi "Wapenda Asili", usishangae kesho yake ukiuziwa asali. "Ndege wa Kilimanjaro na Arusha" linajieleza.

Sheria nazo: picha au sauti iwe yako mwenyewe, taja mahali na tarehe, usituletee kilichokwisha kusambazwa. Yatosha. Kanuni zenye vipengele 26 husomwa na mtu mmoja tu, aliyeziandika, na huyo ndiye asiyezihitaji.

7. Usiwafagie wanaokaa kimya

Admini, najua unachopanga mwisho wa mwezi. Utaandika: "Wote wasiochangia wataondolewa Ijumaa." Weka simu chini kwanza.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika kuhusu hali inayojirudia kwenye jumuiya za mtandaoni: kati ya kila watu 100, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi. Si lazima hesabu ije sawasawa hivyo kwako, lakini kila aliyewahi kusimamia kundi anaitambua sura hiyo. Na hao 90 wanajifunza. Mama anayesoma kila jioni bila kuandika neno ndiye siku moja atakayemwona ndege wa ajabu kwenye kisima cha shule, na atajua kuwa ni wa ajabu kwa sababu alikuwa akisoma. Ukimfagia Ijumaa, ndege atatua Jumamosi.

Anayeliharibu kundi hajifichi kwenye ukimya. Unamsikia. Mfuate huyo.

6. Ubora haukai kwenye lenzi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo makundi mengi yanapojinyima watu wao bora.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Ndani ya sufuria ya chakula wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuihusisha na ndege yeyote waliyemfahamu. Wakaanza kumtafuta mwenye miguu akiwa hai, wakampata. Mwaka 1994 akatangazwa rasmi: kwale wa Udzungwa, Xenoperdix udzungwensis. Hakuwa aina mpya tu. Alipewa jenasi yake mwenyewe, na jamaa zake wa karibu ni kwale wa vilimani wa Asia, ng'ambo ya bahari. Sayansi ilikuwa haijampa jina, lakini sufuria ilikuwa imeshampata.

Sasa jiulize: kundi lenu lingekuwepo mwaka ule, aliyemtega kwale huyo angeruhusiwa kuingia? Ana simu yenye kioo kilichopasuka. Picha zake zina ukungu. Anaandika jina la ndege kwa lugha ya kwao, na wale waliozoea kuandikiana majina ya Kilatini wanapita kimya. Baada ya wiki mbili anaondoka, na kundi linajipongeza kwamba limebaki na watu makini. Limebaki na nini? Limebaki na wenye kamera.

Sina ugomvi na kamera. Picha kali ya ndege inaweza kumaliza ubishi wa saa tatu. Lakini mwenye lenzi ya milimita 600 asiyesema alipiga wapi na lini ametuletea pambo la ukutani. Mlinzi wa usiku wa Moshi aliyeandika "saa tisa usiku, bundi wawili wanaitikiana, mmoja sauti nzito mmoja nyembamba, kwenye mwarobaini wa zahanati" ametupa saa, mahali, idadi na tabia. Huyo ndiye mwanachama bora, na hana hata tochi nzuri.

Kwa hiyo mfungulieni njia. Ruhusuni sauti iliyorekodiwa kwa simu, hata kama jogoo wa jirani anaingilia. Tovuti ya xeno-canto, ambayo tangu 2005 hukusanya sauti za ndege kutoka duniani kote, imejengwa juu ya marekodi ya watu wa kila namna, na rekodi chafu hupewa daraja la chini bila kutupwa. Ruhusuni michoro ya kalamu ya risasi. Jina la Kigiriama, la Kinyakyusa au la Kihehe liandikwe kwanza, la Kilatini litafutwe baadaye na wenye nafasi.

5. Kila mtu awe na orodha yake

eBird, mradi wa Maabara ya Ornitholojia ya Cornell pamoja na shirika la Audubon, ulianza mwaka 2002 ukiwaambia watu: tuleteeni mlichokiona, sayansi inakihitaji. Watu waliitikia kwa uvivu. Kuanzia 2005 waendeshaji waligeuza mambo: wakampa kila mtazama ndege orodha yake mwenyewe, ya maisha, ya mwaka, ya kila eneo alilopita, aitunze na aifurahie. Rekodi zikaanza kumiminika, na mwaka 2021 hazina hiyo ilivuka bilioni moja. Ndege walikuwa wale wale. Tofauti ni kwamba sasa kila mtu alikuwa na chake.

Kundi la simu linaweza kufanya hivyo bila programu yoyote. Kila Desemba mwanachama alete idadi ya ndege aliowaona mwaka mzima na hadithi ya mmoja asiyemsahau. Idadi tupu izuieni isitawale, maana mashindano ya namba huzaa waongo: mtu amefikisha 400 na hajatoka Sinza tangu mvua za vuli. Hadithi ndiyo ipewe makofi makubwa.

4. Sahihisha bila kumchoma mtu

Ubora wa kundi unaonekana siku mtu anapokosea hadharani. Nimetazama makundi yakifa kwa jibu la maneno mawili: "Siyo huyo." Aliyejibu yuko sahihi, na aliyejibiwa harudi tena.

Mradi wa eBird una namna nzuri sana ya kulishughulikia hili. Ukiandika idadi au aina ambayo haitarajiwi mahali pale na majira yale, tuseme heroe kwenye kilele cha mlima, mfumo haukukemei. Unakuuliza kama una uhakika, na unakuomba ueleze ulichokiona. Mhakiki wa kujitolea wa eneo hilo anaweza kukuandikia akiomba picha au maelezo zaidi. Na rekodi ikikosa kuthibitishwa, haiingii kwenye takwimu za wote, lakini inabaki kwenye orodha yako. Hazina imelindwa na wewe hujavuliwa nguo.

iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili huko Berkeley, California, ina njia yake: picha inasubiri kuthibitishwa hadi zaidi ya theluthi mbili ya waliompa kiumbe jina wakubaliane, na wasiwe chini ya wawili. Profesa ana kura moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana kura moja. Anayetaka kushinda alete sababu.

Katika kundi la WhatsApp, mambo hayo mawili yanakuwa mazungumzo. Mama mmoja ametuma picha kutoka sokoni na ameandika: tai. Kijana anayejua anajibu hivi:

"Shikamoo mama. Picha imetoka vizuri, mkia unaonekana wote. Tazama ulivyoingia ndani katikati ukatoa ncha mbili. Tai hana mkia wa namna hiyo, mwewe anao. Na mdomo wake wa njano unazidi kumthibitisha."

"Marahaba mwanangu. Kumbe! Basi wale wote wanaozunguka buchani ni mwewe?"

"Wengi wao, mama. Ukimwona mwenye mkia wa duara, tuletee mbio, hata kama nyama itaungua."

Hesabu kilichotokea hapo. Mama amejua alama ya mkia, na atamfundisha mwingine. Watu mia wanaosoma kimya wameijua pia. Kijana amejifunza kueleza, ambayo ni kazi ngumu kuliko kujua. Kundi limeongeza watambuzi bila kumwingiza mtu hata mmoja. Ningependa maadmini wayachukue majibu ya aina hii wayabandike juu ya kundi, pale ambapo wengi huweka salamu za mwaka mpya zilizopitwa na wakati tangu Februari.

Mabingwa wakali, nanyi nina neno lenu. Mnajua mengi na tunawahitaji, lakini maneno kumi zaidi hayamalizi bando.

3. Mahali pa kiota ni siri

Huku hakuna masihara. Mwanachama anaweza kuwa mcheshi, mkarimu, mwenye picha nzuri, na bado akawasababishia ndege kifo kwa kuandika kijiji na mti.

Korongo taji, yule wa nembo ya Uganda, yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini tangu 2012, na mojawapo ya sababu ni watu wanaochukua makinda na mayai wakawafuge au kuwauza. Kasuku wa kijivu alitegwa kwa biashara kiasi kwamba mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa mwituni. Tumbusi hufa kwa makundi wanapokula mizoga iliyotiwa sumu. iNaturalist inaficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini: badala ya nukta, unaonyeshwa eneo lenye upande wa kilomita kama 22. Fanyeni hivyo hivyo. Andika wilaya, basi. Na kumbukeni kwamba picha inayotumwa kama faili inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa.

Sauti pia. Bundi wa Sokoke anajulikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke na chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kumpigia sauti yake kwenye spika usiku kucha ili ajitokeze kupigwa picha kunamtoa kwenye mawindo yake na kumfanya ajibizane na mpinzani asiyekuwepo. Picha iliyopatikana hivyo isisifiwe kundini, iwe nzuri namna gani.

Na mtu akiuliza bei ya kinda? Mtoe. Hilo halihitaji onyo.

2. Tokeni nje, kisha mgawane ardhi

Jijini Nairobi kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, chini ya chama cha historia asilia kilichoundwa mwaka 1909 ambacho leo tunakijua kama Nature Kenya. Zaidi ya nusu karne, wiki baada ya wiki, anayejua anatembea na asiyejua. Mtu aliyewahi kukuazima darubini asubuhi ya baridi hutamtukana mtandaoni usiku. Utambishia, ndiyo, tena kwa nguvu, lakini utabisha na sura unayoijua. Kundi lisilokutana hata mara moja kwa mwaka linajenga urafiki kwa stika.

Kundi likizidi mazungumzo, likatwe kabla halijapasuka lenyewe. Swali ni likatwe wapi. Maadmini wengi hukata kwa elimu: huku wanaoanza, huku mabingwa. Msifanye hivyo. Mtapata chumba cha maswali yasiyojibiwa na chumba cha majibu yasiyoulizwa. Kateni kwa ardhi. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora upya ramani ya ndege wa nchi nzima, umeigawa Kenya katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na mtu anautembea mraba kwa saa zisizopungua mbili akiandika kila aina anayoiona au kuisikia. Mraba haujali una shahada au huna. Mwenye uwanja wa nyuma na mwenye gari la kupanda milima wote wana pa kuanzia, na kila kipande cha nchi kinapata mabingwa wake na wanafunzi wake pamoja. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu makundi kadhaa kuunganishwa chini ya jumuiya moja, kwa hiyo Tanga na Mbeya zinaweza kuwa na nyumba zao na bado zikasikia mbiu moja.

1. Mhesabu mwenyeji kabla ya mgeni

Usenet, mtandao wa majadiliano ulioanza mwaka 1980, ulikuwa na msimu wake wa wageni. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Marekani walipata akaunti, wakaingia na kelele zao, na wenyeji wakatumia wiki kadhaa kuwafundisha adabu za pale. Kisha mambo yakatulia hadi Septemba nyingine. Kuanzia 1993 kampuni za kibiashara za intaneti, America Online ikiwemo, zilianza kuwafungulia wateja wao mlango, na wageni wakawa wanaingia kila siku ya mwaka. Wakongwe wa intaneti wanakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha. Waliokuja 1994 hawakuwa watu wabaya kuliko waliokuja 1985. Waliwakuta tu walimu wamechoka.

Ndiyo maana naiweka hii juu ya zote. Kabla ya kuongeza watu hamsini, hesabu wenyeji wako: watakaomsalimia mgeni kwa jina, watakaoijibu picha yake ya kwanza hata kama ni ya kuku wa bibi yake, watakaomwambia faraghani kwamba viwanja haviuzwi humu. Mwenyeji mmoja na wageni watatu kwa wakati mmoja, hapo pana kazi ya kutosha. Una wenyeji kumi? Ingiza thelathini, funga mlango, subiri mwezi. Ukiulizwa kwa nini umefunga, sema ukweli: bado tunawakaribisha waliokwisha kuingia.

Jihadhari na wimbi la watu walioamrishwa. City Nature Challenge, mashindano ya kurekodi viumbe yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Los Angeles na San Francisco, sasa yana miji duniani kote, na huwaleta wapya wengi wazuri ndani ya siku chache. Lakini iNaturalist huwatahadharisha walimu kuhusu kuwatuma wanafunzi kwa lazima, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta alama humpiga picha rafiki yake na kuandika nyani. Shule inayotaka kuja, ije na wale wanne waliokwisha kuonekana wakitazama dirishani wakati wa hesabati.

Na mgeni asikae kifalme. Wahenga walishatupangia ratiba: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe ni kazi ndogo yenye mwenyewe. Wewe, kila Jumapili jioni hesabu yangeyange wanaolala kwenye ule mkuyu wa kituo cha basi. Wewe, kusanya majina yote ya kienyeji ya hondohondo kutoka mikoa yenu. Wewe, kumbusha watu tarehe kwa upole kila wanaposahau. Aliyepewa kazi anajua anasubiriwa, na anayejua anasubiriwa haleti waridi. Kisha, na hili ndilo jembe kubwa kuliko yote, aliyepokelewa Januari awe mpokeaji ifikapo Aprili. Wakiitikia kumi tu kati ya wale thelathini, wenyeji kumi wanakuwa ishirini, na hapo ndipo mlango unapofunguliwa tena, kwa wageni sitini.

Utajuaje kama umefika? Pandisha mazungumzo ya wiki hii hadi juu na utafute picha ambazo hakuna aliyezitolea neno. Ukikuta moja, ijibu kabla hujaidhinisha ombi jipya. Ukikuta tano, funga linki hadi mwisho wa mwezi, wagawie wenyeji hao watu watano, mmoja mmoja kwa jina, leo leo, kabla hawajalefti.